Ukungu Pembezoni mwa Vishikio vya Bafuni
Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa katika Wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara



Nafahamu kwamba baadhi yenu mlipoisikia mada ya leo mlitabasamu. Ukungu wa bafuni ni jambo dogo mbele ya bei ya mbolea au karo ya shule. Tena yamkini wengi tuliomo humu hatuna beseni refu la kuogea, yaani lile ambalo mtu huingia na kuketi au kulala ndani yake. Tuna chumba chenye sakafu ya saruji, ndoo na kata. Hata hivyo naomba mnisikilize, kwa sababu nyumba zinazojengwa sasa Mbulu mjini, Dongobesh, Haydom na Katesh zina bafu ndani, na watoto wetu walioko mijini wanatuletea wazazi wao vifaa ambavyo sisi hatukukua navyo. Miongoni mwa vifaa hivyo ni kishikio, kile chuma kinachofungwa ukutani ili mzee, mjamzito au mgonjwa akishike anapoinuka. Ninayoyasema kuhusu kishikio cha kwenye beseni yanahusu pia kishikio cha kwenye bomba la mvua na kile kinachofungwa kando ya choo cha kuchuchumaa.

Lugha yetu ina jambo moja linalonifurahisha. Ule moshi mweupe wa baridi unaoshuka asubuhi kutoka msitu wa Nou tunauita ukungu, na ile rangi nyeusi inayoota kwenye kona ya bafu nayo tunaiita ukungu. Waliotangulia hawakukosea sana, maana vyote viwili huletwa na unyevu. Tofauti ni kwamba ukungu wa mlimani jua likichomoza huondoka wenyewe.

Niruhusuni nianze na kisa cha nyumbani kwetu. Mama yangu mkubwa anaishi upande wa nyanda za juu za Mbulu. Alipoanza kusumbuliwa na nyonga, wanawe walichanga fedha wakamwekea beseni refu la kuogea, na fundi akafunga vishikio viwili juu ya marumaru za ukutani. Ilikuwa kazi nzuri ya kupendeza macho. Msimu wa kwanza wa baridi haujaisha, utepe wa silikoni uliozunguka beseni ulianza madoadoa meusi, na kuzunguka kitako cha kishikio kimoja pakatokea pete nyeusi. Mkwe wake, ambaye ni mtu wa usafi kupita kiasi, aliisugua pete ile kila Jumamosi kwa dawa ya klorini. Iliondoka, ikarudi. Hatimaye akaitwa fundi mwingine, naye akapaka silikoni mpya nyeupe juu ya ile ya zamani, pale kwenye beseni na pale kwenye kishikio. Watu wote waliridhika, hata mimi nilipokwenda kusalimia niliisifu kazi hiyo.

Miezi michache baadaye, jioni moja, mama mkubwa alishika kishikio kile ili ainuke. Ncha moja iling'oka pamoja na kipande cha marumaru, naye akaanguka akavunjika kifundo cha mkono. Nilipofika nilikiokota kile chuma. Juu kilikuwa bado kinang'aa. Lakini skrubu zake mbili zilikuwa zimeliwa na kutu hadi kubaki nyembamba kama sindano, na plasta iliyokuwa nyuma ya marumaru nilipoigusa kwa kidole ilimong'onyoka kama ugali uliolala.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho, kwa kazi yangu, nilipaswa kukifahamu mapema. Pete nyeusi ile haikuwa uchafu. Ilikuwa taarifa kwamba maji yamepita nyuma ya kishikio na yamekaa humo. Sisi tulikuwa tunaifuta taarifa kila Jumamosi, kisha tukamlipa mtu aifunike.

Sasa kwa nini ukungu uote pale hasa, na si katikati ya ukuta? Ukungu ni viumbe vya jamii ya kuvu. Mbegu zake ni vumbi jepesi lisiloonekana, zinaelea hewani katika kila nyumba, iwe ya tajiri au ya maskini, na hakuna dawa itakayozimaliza. Zinachohitaji ili ziote ni vitu viwili tu: unyevu unaodumu na chakula kidogo. Chakula hakikosekani bafuni, kwa kuwa mabaki ya sabuni, mafuta ya mwili na vigaga vya ngozi vinatosha. Kwa hiyo lililo katika uwezo wetu ni unyevu.

Na unyevu katika wilaya hizi una tabia yake. Mbulu iko juu na ina baridi, na mwezi wa Juni hadi Agosti hakuna anayeoga maji yasiyopashwa moto. Upande wa Hanang, vijiji vilivyo kwenye miteremko ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 navyo vinaijua baridi hiyo. Mtu akioga maji ya moto katika chumba cha baridi, mvuke hutafuta mahali penye ubaridi ili ugeuke matone. Ukuta wa nje ni baridi, na chuma kilichofungwa kwenye ukuta huo hulowa upesi. Matone hutiririka juu ya kishikio hadi kwenye kitako chake, yakaingia katika ufa mwembamba kati ya chuma na marumaru, na humo hakuna upepo wala jua la kuyakausha. Utepe wa silikoni unaozunguka beseni hupata mkasa kama huo. Beseni la plastiki hulegea kidogo chini mtu anapoingia, utepe unavutika, unaachana na ukuta kwa unene wa unywele, na maji yanapata mlango.

Tukumbuke pia kwamba tumebadilisha namna ya kuishi bila kubadilisha mazoea. Nyumba ya tembe ya wazee wa Kiiraqw ilikuwa na moto ndani karibu kila siku, na moshi ule, pamoja na madhara yake kwa macho na kifua, uliikausha nyumba. Nyumba ya tofali na bati ya leo haina moto wa ndani. Bafu lina dirisha dogo, nalo tunaliziba kwa gunia kwa kuogopa baridi. Siwalaumu, mimi mwenyewe nimeliziba. Ila tujue kwamba tumekijengea kuvu nyumba.

Kuhusu afya sitasema mengi, kwa kuwa daktari si mimi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na ukungu hupatwa zaidi na matatizo ya njia ya hewa, ikiwa ni pamoja na pumu. Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, mtoto wa miaka 2 alifariki Desemba 2020, na uchunguzi wa kifo chake uliokamilika Novemba 2022 ulithibitisha kwamba chanzo kilikuwa ugonjwa wa kifua uliotokana na kuishi muda mrefu katika ukungu wa nyumba ya kupanga. Baba yake alikuwa amelalamika miaka mitatu kabla, na aliambiwa apake rangi juu yake. Kisa hicho kilizaa sheria inayobeba jina la mtoto huyo, inayowalazimisha wenye nyumba za jamii kushughulikia unyevu kwa muda maalumu. Nimekitaja kwa ajili ya neno lile moja, kupaka rangi. Si fundi wa kwetu peke yake mwenye dawa hiyo.

Basi tufanyeje? Kabla ya kununua kitu chochote, chunguzeni. Kausheni kishikio na ukuta kwa kitambaa, msioge bafuni humo kwa siku moja, kisha rudini mtazame. Kama pete nyeusi ilikuwa juu ya uso tu, mtaona mahali pamekauka. Kama pembeni mwa kitako bado pamelowa, maji yako ndani. Gongeni marumaru kwa ukucha wa kidole au kwa mpini wa kisu kuzunguka kishikio. Iliyoshikamana na ukuta hutoa sauti nzito, na iliyoachana hutoa sauti ya kopo tupu. Tazameni kama kuna mstari wa rangi ya kahawia unaoshuka chini ya kitako, kwa kuwa huo ni kutu ya skrubu. Halafu shikeni kishikio kwa mikono miwili, miguu ikiwa sakafuni na nje ya beseni, mkivute na kukitikisa. Kisogee hata kidogo, wekeni kitambaa chekundu juu yake leo hii, na mzee asikishike tena hadi kitengenezwe. Kishikio kibovu ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu asiye na kishikio hujihadhari.

Ikiwa uchunguzi umeonyesha kwamba ukungu ni wa juujuu, kazi ni nyepesi. Anzeni na maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ya meno iliyochakaa. Watu hawaniamini nikisema hivyo, wanapenda dawa yenye harufu kali, lakini juu ya marumaru na chuma kusugua ndiko kunakofanya kazi kubwa. Kabla ya kusugua lowesheni kwanza, ili vumbi la ukungu lisirushwe hewani. Fungueni mlango na dirisha. Mwenye pumu asiifanye kazi hii, na watoto wasiwepo.

Baada ya hapo, anayetaka kutumia dawa ya klorini, ile ambayo wengi wetu huiita jiki bila kujali imetengenezwa na nani, na aitumie. Kipimo kisizidi kikombe 1, yaani takriban robo lita, katika lita 4 za maji. Vaeni glovu. Paka, acha dakika 10, kisha suuza kwa maji mengi, hasa kwenye chuma, kwa kuwa klorini ikikauka juu ya chuma hukichimba vishimo, hata kile kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu. Andaeni kiasi cha siku hiyo tu. Dawa hii hupoteza nguvu kadiri siku zinavyopita, na hupoteza upesi zaidi ikikaa juani. Chupa iliyopangwa mbele ya duka jua likiipiga tangu asubuhi, hata bei ikiwa nafuu, mnaweza kuwa mnanunua maji yenye harufu.

Hapa naomba mwenyekiti aniongezee dakika, maana hapa ndipo watu huumia.

Palipo na maji ya kisima yenye chumvi nyingi, chuma na marumaru hupata gamba jeupe. Gamba hilo haliondoki kwa klorini. Linaondoka kwa kitu chenye asidi, kama siki, au zile dawa kali za kusafishia vyoo na marumaru. Hivyo mama wa nyumba anakuwa na chupa mbili, moja ya weupe na nyingine ya weusi, na siku ya haraka anazichanganya akidhani nguvu zitajumlishana. Zikichanganyika, hutoka hewa ya klorini, ambayo huunguza macho, koo na mapafu, na katika bafu dogo lililozibwa dirisha inaweza kumuua mtu. Klorini ikikutana na dawa zenye amonia hutoa hewa nyingine ya sumu. Msichanganye kabisa. Anayetaka kutumia zote mbili atumie moja, asuuze kwa maji mengi, na nyingine aiache hadi siku nyingine. Aliyekosea na kuanza kukohoa atoke nje mara moja, aache mlango wazi, asirudi kuchukua ndoo. Macho yakiwasha ayaoshe kwa maji safi kwa muda mrefu, na kikohozi kisipotulia apelekwe hospitali akiwa na chupa zote mbili ili mganga aone alichokivuta.

Sambamba na hilo, tuache kununua dawa hizi zikiwa zimemiminwa katika chupa za soda au za maji ya kunywa. Najua zinapatikana mnadani na ni bei rahisi. Lakini chupa isiyo na lebo haisemi ndani kuna asidi au klorini, wala ina ukali gani, na mtoto mwenye kiu haulizi. Nchini mwetu kemikali za majumbani zina sheria yake tangu mwaka 2003, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Muuzaji asiyeweza kuwaonyesha lebo hawasaidii kuokoa fedha. Na mtoto akinywa, msimtapishe. Ilichounguza ikishuka, itaunguza tena ikipanda. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa.

Turudi kwenye bafu. Ikiwa madoa meusi yamo ndani ya utepe wa silikoni wenyewe, siyo juu yake, acheni kusugua. Kuvu imeshatia mizizi ndani na hakuna dawa itakayourudishia weupe. Utepe huo ukatwe wote kwa wembe au kisu chembamba, mabaki yakwanguliwe, mahali pasafishwe, paoshwe, pasuuzwe, kisha pafutwe kwa spiriti na paachwe pakauke. Kukauka si saa moja. Kwa baridi ya Mbulu ya mwezi Julai ningesubiri siku mbili tatu, hata kama mwenye nyumba analalamika kwamba anaoga kwa jirani. Silikoni mpya haishikamani na silikoni ya zamani wala haishikamani na unyevu. Fundi aliyepaka juu ya ile ya mama mkubwa alifanya kazi ya robo saa na akalipwa kwa kazi ya siku nne.

Siku ya kupaka, jazeni beseni maji kwanza. Mafundi wengi hulisahau hili, na baadhi hucheka nikilisema. Beseni likiwa tupu limekaa juu. Likijaa linashuka kidogo. Ukipaka likiwa tupu, siku ya kwanza mtu akiingia utepe unavutika na kuchanika upande mmoja. Likijaa maji linapopakwa, na maji yakibaki humo hadi silikoni ikauke, utepe utakuwa umezoea hali ya kushuka, na beseni likimwagwa maji utepe utajikunja tu. Kwa kawaida silikoni huhitaji saa 24, na mahali penye baridi zaidi ya hapo. Maelekezo ya kwenye kopo ndiyo ya kufuata.

Dukani mtakuta silikoni za aina nyingi. Tafuteni ile iliyoandikwa kwamba ni ya bafuni na jikoni, kwa kuwa huwekewa dawa ya kuzuia kuvu, ingawa dawa hiyo nayo huisha baada ya miaka kadhaa. Kuna silikoni ambayo ikipakwa hunuka siki. Hiyo inafaa juu ya kioo na marumaru, lakini ina asidi inayoweza kula baadhi ya metali, wala haishiki vizuri juu ya saruji tupu. Kwa kishikio cha chuma ni bora isiyonuka siki. Zaidi ya yote someni tarehe ya mwisho wa matumizi. Silikoni iliyopitwa na wakati hubaki laini kama jeli hata baada ya wiki, na mteja hudhani kosa ni la fundi. Nawashauri mafundi wakamue kidogo juu ya kipande cha bati siku moja kabla. Isipokauka hapo, haitakauka ukutani, na mnaweza kuirudisha dukani mkiwa na risiti na ushahidi mkononi.

Na kishikio chenyewe? Kikitolewa, skrubu zote za zamani zitupwe. Nunueni zisizoshika kutu. Wauzaji hupenda kuonyesha kwa sumaku: skrubu isiponaswa wanasema ni safi. Jaribio hilo linasaidia lakini si ushahidi kamili, kwa sababu ipo chuma cha pua nzuri inayonaswa. Matundu ya zamani yaliyolika yasitumiwe tena kwa kujaza vijiti vya kiberiti. Kishikio kihamishwe hadi kwenye ukuta mzima, au plasta ivunjwe na kujengwa upya. Kabla ya skrubu kuingia, silikoni itiwe ndani ya tundu, ili maji yakipita yasifike kwenye tofali. Kitako kikishakazwa, mafundi hutofautiana: wapo wanaozungushia silikoni pande zote, na wapo wanaoacha upenyo mdogo kwa chini. Mimi niko pamoja na hao wa pili. Maji yakiingia, na siku moja yataingia, heri yapate njia ya kutoka yakaonekana.

Ukuta nao una neno. Nyumba nyingi huku zimejengwa kwa tofali za kuchoma, na nyingine kwa tofali za udongo zilizopigwa plasta ya saruji na kubandikwa marumaru, zikaonekana kama ukuta wa kasri. Kile kipande cha plastiki kinachoingizwa ukutani kabla ya skrubu hakiwezi kushika kwenye udongo, fundi awe hodari namna gani. Hapo inahitajika bolti inayopenya ukuta mzima na bapa la chuma upande wa pili, au nguzo ya bomba iliyosimamishwa kutoka sakafuni. Ili mpate picha ya uzito unaozungumzwa, kanuni za Marekani za majengo yanayotumiwa na watu wenye ulemavu zinataka kishikio kihimili pauni 250, yaani takriban kilo 113. Mzee wa kilo 55 anayeteleza huvuta kwa nguvu zaidi ya uzito wake. Kwa hiyo kile chuma cha kutundikia taulo si kishikio, hata kama kiko mahali panapofaa. Na vile vishikio vya kunyonya ukuta kwa mpira, vinavyouzwa bila skrubu, msimkabidhi mzee wenu. Vinashika vizuri asubuhi, na jioni, mvuke ukishapita chini ya mpira, vinaachia bila kuaga.

Naomba pia niwazungumzie ndugu zetu wa Katesh, Gendabi na Jorodom. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang, na waliopoteza jamaa hatuna maneno ya kuwatosheleza. Nyumba zilizobaki zimesimama zilizolewa tope, zikaoshwa, zikapakwa rangi. Ukuta uliosimama ndani ya tope lenye maji unaweza kubaki na unyevu kwa miezi mingi, hasa ukipakwa rangi ya mafuta inayouzuia kupumua. Ikiwa nyumba yenu ilipitiwa na tope na ukungu unarudi mahali pale pale, siyo bafuni tu bali hata nyuma ya kabati, msifunge kishikio kwenye ukuta huo kabla fundi hajabandua plasta na kutazama.

Kwa mpangaji, mweleze mwenye nyumba kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, ukiambatanisha picha, na uutunze ujumbe huo. Mwenye nyumba mwungwana atashukuru, kwa sababu kubadilisha skrubu nne ni nafuu kuliko kubomoa ukuta. Kwa mnunuzi, risiti ya mashine ndiyo ulimi wenu. Bidhaa ikiwa chini ya kiwango, mlango wa kubisha ni Shirika la Viwango Tanzania. Mkiwa mmedanganywa kuhusu bidhaa, au mmeuziwa bandia, ni Tume ya Ushindani. Msije mkiwa na hasira pekee. Njooni na kopo, lebo, risiti na picha.

Lililobaki ni la kila siku, nalo halina gharama. Anayemaliza kuoga apanguse kishikio na utepe wa beseni kwa kitambaa kikavu. Gunia liondolewe dirishani angalau nusu saa baada ya kuoga, na mlango wa bafu uachwe wazi. Chupa za sabuni na sponji zisiegemezwe kwenye kitako cha kishikio. Ule utelezi wa rangi ya waridi unaoonekana kabla ya weusi ni bakteria, si kuvu, lakini nao unawaambia kwamba mahali hapo hapakauki.

Mama mkubwa mkono wake umepona, ingawa haukunyooka sawasawa. Beseni bado analitumia. Kishikio kipya kimefungwa kwa bolti zinazotokea upande wa pili wa ukuta, kwenye ghala la mahindi, na kila nikienda kumsalimia hunituma kwanza nikakivute ndipo anikaribishe chai.

Pale mezani nimeweka vishikio vitatu na skrubu zake, kimoja kikiwa ndicho kile kilichong'oka. Pia kuna ubao wenye marumaru mbili, moja imeshikamana na nyingine imeachana, ili mzigonge wenyewe na kusikia sauti. Mafundi naomba mje mbele kwanza, kisha maswali.